Nambari ya Nguzo ya Jirani

Jumatatu, Machi 10

Simu tangu saa mbili. Chai imepoa mezani mara mbili. Mwanamume wa Loresho analalamika transfoma ya kwao inanguruma na mbwa wake hawalali. Mbwa! Nikaandika. Wa Kawangware, tokeni zimekataa kuingia kwenye mita. Nikaandika. Wa tatu akanitukana mimi na ukoo wangu kwa sababu ya bei ya umeme, akidhani mimi ndiye kampuni. Kila siku naeleza. Sisi si kampuni ya stima, sisi ni ofisi ya serikali ya kuisimamia hiyo kampuni. Wao wanacheza, sisi tunapuliza filimbi. Nani anasikiliza?

Karibu na saa sita, mama wa Mutuini. Tabitha Wangui, Mama Shiru. Waya ya stima imelegea juu ya nepia yake, yale majani marefu ya ng'ombe, akisimama wima na panga mkononi ataigusa. Ana ng'ombe wawili wa maziwa, lazima akate nepia kila siku. Mcheshi. Aliniita mami hata kabla ya kuniuliza jina. Sikumwambia kwamba mimi pia nakaa Mutuini, robo saa kwa miguu kutoka kwake, kwenye zile nyumba mpya za kupanga. Sisi wa ofisi hii hatusemi tunakaa wapi. Ukisema, kesho utaamka ukute watu mlangoni, kila mmoja na bili yake.

Nguzo yake haina nambari. Kibati kilibanduliwa, kikauzwa kwa wanunuzi wa vyuma vikuukuu. Nguzo nyingi za huko ziko hivyo. Lakini sistimu yetu haikubali pengo. Bila nambari ya nguzo, lalamiko halisongi hata hatua moja. Nikafungua ramani, nikachukua nambari ya nguzo inayofuata. "Weka ya jirani," ndivyo tunavyosema ofisini. Nilifundishwa hivyo wiki yangu ya kwanza, na tangu hapo nimewafundisha wengine. Pale chini pana nafasi ya maelezo, ningeweza kuandika kwamba nambari si ya nguzo yenyewe. Ukiandika hapo, fomu inarudishwa kwamba haijakamilika, nayo inahesabiwa kosa lako. Nikaacha wazi.

Mafundi watafika, watainua macho, wataona waya iliyolegea. Si hata kazi ya saa nzima.

Jumatano, Machi 12

Transfoma ya Loresho imebadilishwa. Siku mbili tu. Mbwa sasa wanalala. Mutuini bado.

Madam Kendi, mkuu wetu, ametuita mkutanoni. Robo ya mwaka inaisha tarehe 31. Tumetia sahihi mkataba wa utendakazi na wizara, na kipimo chetu ni malalamiko yaliyofungwa. Si yaliyotatuliwa. Yaliyofungwa. Nilisema hivyo kwa mzaha na watu wakacheka. Madam hakucheka.

Mvua imenikuta barabarani. Viatu vimeharibika.

Ijumaa, Machi 14

Mama Shiru amepiga tena. Hakuna aliyefika. Anasema sasa anakata nepia akiwa ameinama, "kama mtu anaibia jirani," akacheka mwenyewe. Nikacheka naye. Kisha akampa simu binti yake, Shiru, anieleze vizuri mahali. Msichana ana adabu, anaongea polepole. Akaniambia nguzo yao haina kibati, lakini inayofuata ina, akanisomea nambari yake ili mafundi waanzie hapo. Ilikuwa ile ile niliyoiweka Jumatatu. Nikafurahi, eti nimebahatisha vizuri. Sikuandika kitu kipya.

Nikamaliza simu nikijiambia, Jumamosi nitapita huko mwenyewe, nijifanye natembea tu.

Jumapili, Machi 16

Sikupita. Jumamosi nilisuka nywele, ikachukua mchana wote. Leo kanisa, kisha kikao cha akina mama, kisha mvua. Na ukweli mwingine ni kwamba niliogopa kuonekana nikitazama nguzo za stima. Mutuini ni kudogo. Mtu angeuliza, na ningejulikana.

Mume wangu Wafula anasema mimi ni mtu wa kubeba ofisi kichwani. Leo nimeiweka chini.

Jumatatu, Machi 24

Kampuni imejibu. Mutuini, kazi imefanyika, waya imekazwa. Wameambatisha picha. Nguzo, nambari imeandikwa vizuri, waya imenyooka.

Utaratibu ni kumpigia mlalamishi kabla ya kufunga. Nimepiga mara mbili, simu imezimwa. Nilijua ni kwa nini. Mtaani kwetu hatuna stima tangu juzi, hata yangu nimeichaji hapa kazini. Ningengoja kesho. Nilikuwa na mengine kumi na mawili ya kufunga leo, na Madam alikuwa amesimama nyuma ya kiti changu.

Nimefunga.

Jumatatu, Machi 31

Robo imeisha. Tumefikisha kipimo. Madam ameleta keki na soda. Nimekula vipande viwili.

Alhamisi, Aprili 3

Mtu akiuawa na stima, sheria inataka kampuni itume taarifa kwetu. Zinakuja, tunazisoma, tunapeleka kwa wachunguzi. Ya leo imefika saa tisa alasiri. Nilikuwa natafuta stepla.

Marehemu ni Tabitha Wangui, mkulima, Mutuini. Alikuwa amebeba nepia.

Nikasoma tena. Nikasoma mara ya tatu nikitafuta Tabitha mwingine, Mutuini nyingine. Nikaenda chooni nikakaa juu ya kifuniko mpaka mtu akagonga.

Jioni Wafula alinipokea stendi, alikuwa amekwisha kusikia kutoka kwa watu wa boda. Akanieleza njia nzima tukipanda kuelekea nyumbani. Mama aliinama akakata vizuri, akafunga mzigo, akauweka mgongoni kwa ule ukanda wa kichwani. Alipoinuka, mzigo ulikuwa mrefu kuliko yeye, ukagusa waya. Nepia ilikuwa imelowa mvua. Wafula alisema maskini, maskini. Sikumwambia kwamba namjua.

Ijumaa, Aprili 4

Nimefungua faili yake. "Hali: Imetatuliwa." Chini yake jina langu.

Mafundi walienda penye nambari. Walikaza waya ya nguzo ya jirani, ambayo haikuwa na shida, wakapiga picha, wakarudi. Ndivyo walivyoambiwa. Niliwaambia mimi.

Ninaandika hapa kwa sababu hakuna mahali pengine pa kuandika. Nimemuua yule mama. Najua mvua ilichangia, na mwizi wa vibati, na kampuni isiyokagua laini zake mwaka baada ya mwaka. Wote nawajua, nimekuwa nikiwaandikia barua za kuwakemea miaka kumi na sita. Lakini nambari ni yangu. Majuto ni mjukuu, tulifundishwa shuleni. Huyu wangu hakungoja.

Jumamosi, Aprili 5

Nimeenda. Sasa ndiyo nimeenda.

Robo saa, hata haikufika. Njia ni rahisi, unapita posho mill, unashuka, unafika. Watu wamejaa uani, viti vya plastiki, hema. Nikapewa mkono na kuambiwa karibu. Mwanamke mmoja akanitambua. "Si wewe ndio unakaa kwa zile flat mpya? Asante kwa kukuja, jirani." Jirani. Nikaketi na akina mama kumenya viazi.

Baba Shiru ni mtu mfupi, amevaa koti la mvua na jua linawaka. Kila baada ya muda anaenda zizini. Ng'ombe mmoja amekataa kukamwa na mkono mwingine tangu Alhamisi, analia kwa sauti nzito, na kiwele kimejaa.

Nilijifanya naenda kutupa maganda, nikaiona nguzo. Matundu manne ya misumari mahali kibati kilipokuwa. Waya sasa iko juu kabisa, imekazwa ndi. Mafundi walikuja jioni ya siku ile ile aliyokufa.

Jumanne, Aprili 8

Ripoti ya kampuni imefika. Kurasa sita. Nilienda moja kwa moja kwenye sababu. "Mlalamishi alitoa nambari ya nguzo isiyo sahihi."

Mlalamishi. Yaani marehemu.

Madam Kendi amesoma na mabega yake yakashuka, nafuu tupu. Ofisi yetu ilipokea lalamiko, ikalituma kwa wakati, ikapata jibu, ikafunga. Kampuni ilitumwa mahali, ikaenda. Aliyekosea hawezi kujibu. Safi kabisa, kila mtu mkono mweupe.

Kumbe ni rahisi hivi. Sihitaji hata kusema uongo. Ninyamaze tu.

Jumatano, Aprili 9

Msimamizi wa wale mafundi amekuja kaunta. Otieno, mtu mzima, kofia mkononi. Amesimamishwa kazi mpaka uchunguzi uishe. Anataka tu ofisi yetu iandike kwamba yeye alienda alikotumwa. "Madam, mimi nilienda kwa ile namba tulipewa. Nikaona waya iko sawa. Nikajua labda imeshukashuka kidogo, nikaikaza tu. Huyo mama alituambia nguzo ingine. Mungu amrehemu, lakini alituchanganya."

Nikatikisa kichwa, ndiyo. Nilimkubalia kwa kichwa!

Ningeweza kumsema, kwamba fundi mzuri angeuliza watu wa hapo, angetembea hatua hamsini zaidi. Ni kweli. Lakini mimi ninakaa hapo, na sikutembea.

Alhamisi, Aprili 10

Mazishi, shambani kwao, mwisho wa nepia. Niliomba ruhusa kazini nikasema naenda msibani kwa jirani. Hakuna aliyeuliza jirani yupi.

Kampuni ilituma mtu na shada la maua. Kijana amevaa suti, ana sauti ya upole. Alitoa pole. Kisha akasema, kwa upole ule ule, kwamba tukiona hatari turipoti, na tunaporipoti tuhakikishe nambari tunayotoa ndiyo yenyewe, kwa sababu nambari moja inaweza kuokoa maisha. Watu wakaitikia. Kasisi akaitikia. Baba Shiru alikuwa akitazama udongo.

Baadaye nilikuwa nyuma ya jikoni nikiosha sufuria. Shiru akaja akachuchumaa kando yangu kama anayetafuta kitu chini. Ana miaka ishirini na moja, anafanya kazi duka la dawa. Hakunitambua sauti. Ofisini naongea Kiswahili cha ofisini.

Akasema, "Aunty, ni mimi nilisoma hiyo namba."

Nikasema, nini?

"Mum alinipatia simu nieleze hao watu. Nikawasomea namba ya nguzo ingine. Nilikuwa namaanisha waanzie hapo. Sasa naona hawakuelewa. Ni mimi nilisema vibaya. Baba hajui. Usimwambie, tafadhali."

Hakulia. Alisema hivyo tu, akawa anasugua sufuria niliyokwisha kuiosha. Nilimshika mkono, nikamwambia usiseme hivyo, mwanangu. Zaidi ya hapo sikusema neno. Nilikuwa na maneno yote mdomoni na sikuyatoa.

Mimi ni mwoga. Nimelijua hilo leo nikiwa na miaka hamsini na nne.

Ijumaa, Aprili 11

Kazini. Sikuweza kula.

Nafikiria, mama amekufa na siwezi kumrudisha. Hilo nitaishi nalo. Lakini msichana yuko hai. Ataolewa, atazaa, atazeeka, na kila akipita chini ya nguzo ya stima atajiambia, nilimuua mama yangu. Na haikuwa yeye. Mimi niliweka nambari ile Jumatatu, yeye akapiga Ijumaa. Siku nne mbele. Kompyuta ina tarehe na saa.

Jumamosi, Aprili 12

Nimemwambia Wafula. Mficha uchi hazai. Alikuwa anatengeneza mguu wa meza, akaweka nyundo chini taratibu.

Kisha akauliza, "Nani mwingine anajua?" Hakuna. "Basi wacha ikae hivyo." Akanikumbusha kwamba binti yetu Brenda amebakisha mwaka mmoja chuoni, Kakamega, kwamba mimi nimebakisha miaka sita nistaafu, kwamba nikisema mimi nitafukuzwa peke yangu na wale wote wanaoweka ya jirani watabaki na viti vyao. Yote ni kweli. Wafula si mtu mbaya. Ana hofu.

Nikamweleza kuhusu Shiru. Akachukua nyundo, akairudisha chini. Akasema, "Huyo ni wa rika la Brenda." Kisha akatoka nje, hakurudi mpaka chakula kikapoa.

Jumatatu, Aprili 14

Asubuhi Madam ameniletea muhtasari wa faili nitie sahihi. Karatasi moja. Inasema nathibitisha kwamba taarifa za lalamiko ziliandikwa kama zilivyotolewa na mlalamishi. Inahitaji jina langu na tarehe. "Ni formality tu, Jentrix. Sign nipeleke juu before lunch."

Nikasema nitaisoma kwanza. Akanitazama. Sijawahi kusoma kitu kwanza.

Simu zote za kaunta yetu hurekodiwa. Hakuna anayezisikiliza, labda mtu atishie kwenda mahakamani. Nikavaa vile visikizio, nikatafuta Machi 10.

Sauti yake. Sikuwa nimejiandaa. Anakohoa kidogo, anasema halo, halo, mami, unanisikia? Kuku wanasikika nyuma. Halafu anasema, wazi kabisa, "Hii nguzo haina namba. Walibandua hiyo chuma wakauza. Lakini mkifika kwa gate ya green ulizeni tu Mama Shiru, kila mtu ananijua." Na mimi namjibu, haya mama, tumepokea. Nasikika kama mtu anayeandika kitu kingine.

Ulizeni tu Mama Shiru. Alinipa anwani bora kuliko nambari yoyote, na sistimu haikuwa na kisanduku cha kuiweka.

Kisha nikasikiliza ya Machi 14. Shiru anasema, "Yetu ndio haina. Hii nakusomea ni ya next, muanzie hapo." Hakukosea hata herufi. Nililia mezani, mbele ya watu. Wakadhani nimefiwa.

Sikutia sahihi.

Jumanne, Aprili 15

Nimeandika maelezo yangu. Ukurasa mmoja na nusu. Nimeandika kwamba mlalamishi hakutoa nambari yoyote, kwamba nambari niliitoa kwenye ramani mimi mwenyewe, kwamba ni mazoea ya ofisi tangu niajiriwe, kwamba nilifunga bila kuzungumza naye. Nimeambatisha rekodi zote mbili na ukurasa wa tarehe na saa. Sikutaja wenzangu majina. Nikapeleka nakala kwa Madam, kwa wachunguzi, na kwa mwanasheria wa ofisi, zote kwa wakati mmoja, maana nikipeleka moja itapotea.

Madam aliniita, akafunga mlango. Hakupiga kelele. Ningependa angepiga. "Jentrix, sisi ndio regulator. Tukisema sisi ndio tulikosea, nani atamwambia kampuni wamekosea?" Nikamjibu kwamba sasa hivi tunamwambia maiti amekosea. Akasema, kwa sauti ya chini, kwamba hata yeye aliweka ya jirani miaka yake ya kaunta. Kisha akasema niende nyumbani Alhamisi, baada ya kukabidhi kazi, ningoje barua.

Wenzangu hawanitazami. Aliyekuwa akinikaribisha njugu kila saa kumi leo amezila peke yake akiangalia ukuta. Siwalaumu. Kila mmoja anafungua faili zake za zamani kimya kimya, naona kwenye vioo vya madirisha. Kuna nguzo ngapi Nairobi hii?

Alhamisi, Aprili 17

Nimekabidhi funguo, visikizio, kitambulisho. Nimetembea katikati ya jiji mpaka miguu ikauma, kupita benki, kupita wachuuzi wa soksi na chaja. Watu wote wana haraka. Sina mahali pa kufika.

Wafula amenipokea na chai. Hakusema nilikuambia. Alisema, "Umeenda kumwambia msichana?" Nikasema bado. "Karatasi umewapelekea wakubwa. Yeye je?"

Ijumaa Kuu, Aprili 18

Nimekwenda kwa Shiru.

Tulikaa nje, kwenye ngazi ya jikoni. Baba yake alikuwa ibadani. Nilitaka kuanza mbali, nikaona ni woga tena. Nikamwambia, mimi ndiye niliyepokea simu ya mama yako. Nambari niliiweka mimi, siku nne kabla wewe hujanipigia. Mama yako alisema haina nambari. Wewe pia ulisema haina. Nimesikiliza sauti zenu.

Alivuta sweta, akaifunga kifuani.

"Kwa hivyo si mimi?"

Si wewe.

"Uko sure?"

Nikampa karatasi yenye tarehe. Akasoma, akapitisha kidole chini ya ile saa, mara mbili, tatu. Halafu akalia, na ni kilio ambacho sijawahi kusikia, cha mtu aliyekuwa ameshikilia pumzi tangu kaburini. Nilinyoosha mkono, akausukuma. Sawa.

Alipotulia akauliza ninakaa wapi hasa. Alijua, lakini alitaka nitamke mwenyewe. Nikasema hapo juu, flat mpya.

"Na hukukuja."

Sikuja.

Akakunja karatasi akaitia kwenye mfuko wa sweta. Akasema anataka kubaki na ile sauti ya mama yake, niitume kwa simu yake. Nikasema sheria za ofisi hazi... nikajikatiza. Nitaiomba. Nikinyimwa, mwanasheria wao ataiomba.

Kisha akasimama, na mimi nikasimama.

Jumatatu, Aprili 28

Ripoti imerekebishwa. Aliyekuwa mwenzangu amenipigia kutoka nje ya jengo kuniambia. Ule mstari umeondolewa, badala yake wameandika kwamba marehemu aliripoti kwa usahihi. Otieno ameitwa arudi kazini, na atajibu la kutouliza wenyeji. Kampuni na ofisi yetu watajibu mbele ya tume ya uchunguzi. Mwanasheria wa familia amepewa rekodi.

Barua yangu pia imefika. Nimeisoma nikiwa nimesimama mlangoni. Ni kile Wafula alichoogopa. Nimempigia Brenda mwenyewe, asisikie kwa wengine. Aliuliza kama nimekula.

Mvua imepungua. Nimefua mashuka.

Nimekuwa nikiikwepa sehemu ya mwisho ya Ijumaa Kuu. Naiandika leo kwa sababu nimeanza kuipamba kichwani, na asubuhi hii nilijikuta nikimsimulia Wafula kwamba msichana alinisamehe. Hakunisamehe. Tulipofika langoni alisimama upande wa ndani, akashika komeo, akasema, "Siwezi kukusamehe sai, na sijui kama nitaweza. Lakini asante kwa kukuja." Akafunga. Hayo ndiyo aliyosema yote.